Kifafa cha Mahenge na Askari wa Mwili

Mfanyakazi wa Morogoro atokapo kiwandani jioni na kuinua macho yake, huiona milima ya Uluguru imesimama juu ya mji kama ukuta, na mito ikiteremka kutoka huko. Maji hayo ndiyo tunywayo, na ndugu zetu wa Dar es Salaam nao hunywa ya mto Ruvu, ambao chanzo chake ni milima hiyo hiyo. Hatuna haja ya kuisifu mito. Kila mtu ajua faida yake. Leo twataka kusema habari za mdudu mmoja anayezaliwa katika maji yaendayo mbio juu ya mawe, na za ugonjwa mmoja ambao umewashughulisha mabingwa wa ubongo kwa zaidi ya miaka 60, na ambao makao yake yajulikanayo zaidi katika nchi yetu yamo humu humu mkoani Morogoro.

Mdudu huyo ni usubi, nzi mdogo mweusi mwenye kibiongo, na jina lake ndilo pia jina la maradhi ayaenezayo. Jike lake likimwuma mtu humwachia vijidudu vya mnyoo ambao hukua chini ya ngozi, huishi humo miaka kumi na zaidi, na kuzaa maelfu kwa maelfu ya watoto wasioonekana kwa macho. Hao ndio waletao mwasho usiokoma, ngozi kuharibika, na mwishowe upofu. Uluguru usubi wamo, na ugonjwa huo umekwisha kuandikwa huko tangu zamani. (Twaongeza kwa wapendao maajabu: ziko aina za usubi katika Afrika ya Mashariki ambazo watoto wake hukua wakiwa wamejishika mwilini mwa kaa wa mtoni, hata asiyemgeuza kaa hawaoni kamwe.) Lakini kwa habari za ubongo hatuna budi kuuacha mji, tupite Mikumi, tushuke Kidatu hadi Ifakara, tuvuke mto Kilombero kwa daraja lililozinduliwa mwaka 2018, ndipo tupande milima ya Mahenge, wilaya ya Ulanga, nchi ya Wapogoro.

Huko ndiko alikofika daktari mmoja kijana, mwanamke wa Kinorwe, Louise Aall, ambaye baada ya kuolewa alijulikana kwa jina la Jilek-Aall. Alikuwa amesomea maradhi ya nchi za joto. Ubongo haukuwa kazi yake. Alichokiona kilimgeuza nia. Watu wenye kifafa walikuwa wengi kupita kiasi, tena wengi wao watoto na vijana, na wengine walikuwa na makovu makubwa ya moto. Makovu hayo yalikuwa na sababu yake. Watu waliamini kwamba mate ya mgonjwa, na hata jasho lake, humwambukiza amgusaye. Basi mgonjwa akianguka motoni, waliokuwa karibu walirudi nyuma badala ya kumwokoa. Alikula peke yake katika chombo chake, na kulala peke yake. Yafaa tuseme wazi hapa, kwa kuwa hofu hiyo haijakwisha: kifafa hakiambukizwi kwa mate, wala kwa jasho, wala kwa kula sahani moja. Anayemwona mwenzake ameanguka na amvute mbali na moto, amlaze ubavu, asimtie kitu kinywani.

Mwaka 1960 daktari huyo alianzisha kliniki ya kifafa huko Mahenge. Dawa yake kubwa ilikuwa fenobabitoni, kidonge cha bei rahisi ambacho hakiponyi kifafa bali hukizuia, maadamu kinamezwa kila siku. Wagonjwa wengi waliokimeza waliacha kuanguka, au walianguka mara chache tu, wakarudi mashambani mwao. Yeye mwenyewe baadaye alikwenda kukaa Kanada, akawa bingwa wa maradhi ya akili, lakini Mahenge hakuiacha. Aliirudia na kuiandikia kwa miaka mingi.

Jambo moja aliloliandika katika miaka hiyo ya 1960 halikusikilizwa sana. Alisema wako watoto ambao kichwa chao huanguka kifuani na kuinuka, huanguka na kuinuka, kama mtu anayeshindwa na usingizi, na wengi wao baadaye hushikwa na kifafa kikubwa. Wenyeji walisema mtoto “amesinzia kichwa.” Miaka thelathini na zaidi ilipita. Ugonjwa wa namna hiyo hiyo ukaonekana Sudan ya Kusini, kisha Uganda ya kaskazini, na hapo ndipo dunia iliposhtuka, ikaupa jina, ikauitia mikutano. Sisi hatushangai sana. Wapogoro walikuwa na jina lake zamani; waliokosa jina ni wale wasiowauliza.

Wataalamu wetu wenyewe hawakulala. Mwaka 1992 Dakta H. T. Rwiza na wenzake, miongoni mwao Dakta William Matuja, walitoa hesabu ya wilaya ya Ulanga. Wanafunzi wa udaktari na wauguzi walikuwa wamezunguka vijiji 11, wakawahesabu watu 18,183, na kati yao wakawakuta 207 wenye kifafa. Kwa wastani, wenye kifafa kilichokuwa kikiendelea walikuwa 10.2 katika kila watu 1,000. Lakini wastani huo ulificha jambo kubwa: kijiji kimoja kilikuwa na 5.1, na kingine kilikuwa na 37.1. Kwa nini vijiji vya wilaya moja, vya watu wa lugha moja na chakula kimoja, vipitane kiasi hicho? Hilo ndilo swali ambalo mabingwa wamelibeba tangu siku hizo.

Mwaka 2008 bingwa wa ubongo Andrea Winkler, pamoja na Matuja na wengine, walitangaza uchunguzi wao juu ya wagonjwa 62 wa kusinzia kichwa waliotoka katika kliniki ile ile ya Mahenge. Baadhi yao walipigwa picha za ubongo kwa mashine ya sumaku. Waliokuwa na mnyoo wa usubi katika ngozi ndio hasa waliokutwa na makovu ubongoni. Lakini maji ya uti wa mgongo yalipopimwa, mnyoo hakuonekana humo kabisa. Yaani mwizi alijulikana, nyumba ilikuwa imevunjwa, lakini nyayo zake hazikuwamo ndani.

Jibu moja lililetwa mwaka 2017 na Tory Johnson na Avindra Nath, wachunguzi wa taasisi za taifa za afya za Marekani. Nath ni bingwa ambaye maisha yake ya kazi ameyatumia kuchunguza jinsi virusi na kinga ya mwili vinavyoudhuru ubongo. Mwili wa mtu una askari wake, nao hutengeneza silaha ziitwazo kingamwili, kila silaha kwa umbo la adui wake. Wachunguzi hao walipopima damu ya watoto wa Uganda waliosinzia kichwa, waliikuta kingamwili inayoishambulia protini iitwayo leiomodini, ambayo imo ndani ya ubongo wa mtu. Na kingamwili hiyo hiyo humshika pia mnyoo wa usubi. Kama ni hivyo, mnyoo hana haja ya kuingia kichwani. Askari walifunzwa kumpiga yeye, na kwa kufanana sura wakampiga mwenye nyumba.

Habari ya askari kuasi si ya Mahenge peke yake. Uko ugonjwa uitwao multipo sklerosisi, unaosumbua watu kama milioni 2.8 duniani, wengi wao wa nchi za baridi, ambapo kinga ya mwili hubambua utando unaofunika mishipa ya fahamu kama mpira unavyofunika waya wa umeme. Mgonjwa hupoteza macho, au miguu, au mizani ya mwili. Kwa miaka mingi sababu yake ilitafutwa gizani. Mwaka 2022 wachunguzi wa Marekani, waliokuwa na damu ya askari zaidi ya milioni 10 iliyowekwa akiba, walionyesha kwamba mtu akiisha kuambukizwa virusi viitwavyo Epstein-Barr, hatari yake ya kupata ugonjwa huo huongezeka mara 32. Virusi hivyo vimo katika watu karibu wote, na wachache tu huugua. Basi huko nako adui wa nje ameonekana nyuma ya uasi wa ndani.

Tofauti ni hii: Marekani walikuwa na akiba ya damu ya miaka mingi, na Mahenge kulikuwa na daftari la kliniki. Hatusemi hivi kwa kulalamika. Twasema ili msomaji afahamu kwa nini ubishi wa Mahenge haujakwisha. Maana umo ubishi: wengine walioitafuta ile kingamwili hawakuona kwamba inawatenga wagonjwa na watu wazima wa afya, na mwaka 2018 mabingwa waliochunguza ubongo wa waliokufa Uganda walikuta uchafu wa protini nyingine, iitwayo tau, na wengine tena wakapinga hilo.

Na wabishane, ni kazi yao. Lakini hapana sababu ya mkulima kungoja hukumu yao. Dawa ya ivermektini huwaua watoto wa mnyoo katika ngozi, ingawa mzazi hubaki, na kwa hiyo lazima irudiwe. Imetolewa Mahenge kwa mwaka mara moja kwa takriban miaka 20, na bado kifafa kilikuwa kingi vijijini. Tangu 2019 ilianza kutolewa mara mbili kwa mwaka, na wachunguzi wetu waliporudi 2021 walikuta wagonjwa wapya wamepungua hata chini ya nusu ya walivyokuwa. Katika habari hii yote hatujaona hesabu inayotupendeza kama hiyo. Twashikilia kwamba mara ya pili isikatwe kwa kisingizio cha gharama. Kwamba fenobabitoni isikosekane zahanati hata wiki moja, kwani aliyeizoea akiikosa ghafula huanguka vibaya kuliko mwanzo. Na kwamba wale waliotoa damu yao na maji ya mgongo wao kwa ajili ya elimu ya dunia wasomewe majibu yake kijijini, kwa Kiswahili.

Vidonge hugawiwa na wanakijiji wenyewe, waliochaguliwa na wenzao. Mgawaji huja na daftari na fimbo yenye alama. Mtu husimama kando ya fimbo, na urefu wake huamua ni kidonge kimoja au vinne. Asiyefika sentimita 90 hapewi. Watoto hao hurudi nyumbani mikono mitupu, na kinga yao, mpaka watakapoifikia alama, ni kwamba wakubwa wote wa kijiji wamemeza.