Taarifa kwa Wafanyabiashara: Simu Zipigwazo kwa Mashine

Wafanyabiashara wa Unguja na Pemba wenye wateja Marekani wanakumbushwa kwamba sheria ya nchi hiyo ya mwaka 1991 kuhusu simu humhusu pia apigaye kutoka nje, iwapo anayepigiwa yumo Marekani. Sheria hiyo inakataza simu ya matangazo yenye sauti iliyorekodiwa bila ya idhini ya maandishi ya mteja. Tangu Februari 2024, sauti iliyotungwa na kompyuta nayo imehesabiwa vivyo hivyo.

Mteja anaweza kudai mahakamani dola 500 kwa kila simu, na hadi dola 1,500 ikithibitika ni kusudi. Simu 100 tu zaweza kuleta dai la dola 50,000.

Ili kuepuka madai hayo, mwenye biashara apate idhini kabla ya kupiga, na aihifadhi. Asipige kabla ya saa 2 asubuhi wala baada ya saa 3 usiku kwa saa za mteja; saa 2 asubuhi ya New York ni saa 9 au 10 alasiri ya Zanzibar. Jina la biashara litajwe mwanzoni mwa simu. Mteja akikataa, aondolewe katika orodha ndani ya siku 10 za kazi. Kumkodi mwingine apige simu hizo si kinga.