Darasa Nalo Hufundisha

Tuzungumziapo elimu ya chekechea, aghalabu tunataja mwalimu, kitabu na karo. Chumba chenyewe tunakisahau. Ilhali katika Mukuru kwa Reuben, ambako madarasa mengi ni ya mabati, chumba hushindana na mwalimu. Jua la adhuhuri hukigeuza tanuri. Mvua ikinyesha, kishindo cha paa humeza sauti ya mwalimu, na mtoto wa miaka minne, ambaye ndiyo kwanza anajifunza kutofautisha silabi, hawezi kukisia asichokisikia.

Wapo wanaodai kwamba mwenye akili husoma hata chini ya mwembe. Nakubaliana nao: mwembe una kivuli, hewa na mwanga!

Wala hili si suala la anasa. Maria Montessori alianzisha shule yake ya kwanza mwaka wa 1907 katika San Lorenzo, mtaa wa makabwela mjini Rome, akawapa watoto samani za kimo chao. Mwaka wa 2015, watafiti wa Chuo Kikuu cha Salford, Uingereza, waliochunguza madarasa 153 ya shule za msingi, walieleza kwamba asilimia 16 ya tofauti za maendeleo ya wanafunzi kwa mwaka ilitokana na hali ya chumba.

Darasa lilipoporomoka Ngando, Dagoretti, Septemba 2019, na kuua watoto 8, tulijadili uimara wa majengo. Madirisha hatukuyajadili.

Wenye shule na serikali waanze na machache: bati moja lipitishalo mwanga, dari ya kupunguza joto na kishindo, matundu ya hewa, ubao ulioshushwa. Mtoto aonaye na kusikia ndiye afundishikaye.