Ushauri Nasaha kwa Watoto: Siri Ina Mipaka Yake



Zamani ushauri nasaha ulijulikana zaidi kwa wale waliokwenda kupima virusi vya UKIMWI. Siku hizi baadhi ya parokia zina mshauri nasaha, au mwanasaikolojia anayefika kwa siku maalum, kwa ajili ya watoto na vijana: yatima, waliokimbia nyumbani, walioshuka ghafla katika masomo, waliotendewa ukatili. Huduma hii ni njema. Hata hivyo kuna swali ambalo kila kamati inayoianzisha lazima ilijibu mapema: mtoto akisema jambo zito na kuomba liwe siri, mshauri afanye nini?

Faragha inaponya, faragha inaficha

Mtoto hawezi kueleza yaliyomuumiza mbele ya watu. Anahitaji mahali pa utulivu na mtu mzima anayesikiliza bila haraka. Lakini chumba kilichofungwa, mtu anayeheshimiwa na mtoto aliyekwisha kuumia ndivyo vitu anavyovitafuta mtu mwenye nia mbaya. Kwa hiyo usalama wa mtoto hauwezi kutegemea uadilifu wa mtu mmoja tu, awe padre, sista, katekista au daktari. Kanuni hazimtuhumu mtu. Zinamlinda mtoto, na zinamkinga mshauri mwema asisingiziwe.

Tatizo lenyewe si dogo. Utafiti wa kitaifa uliofanyika Tanzania mwaka 2009, na ripoti yake kutolewa mwaka 2011, ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walifanyiwa ukatili wa kijinsia wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Takriban nusu ya wasichana hao, na theluthi moja tu ya wavulana, ndio waliomweleza mtu. Mtoto anayefungua mdomo katika chumba cha ushauri amefanya jambo ambalo wengi hawakuthubutu.

Mtoto aelezwe tangu mwanzo

Mshauri asimwahidi mtoto siri asiyoweza kuitunza. Siku ya kwanza amweleze kwa maneno mepesi, kwa mfano: "Tutakayozungumza hapa sitayatangaza. Lakini ukiniambia kuna mtu anakuumiza, au unataka kujidhuru, au kuna mtoto mwingine yuko hatarini, itanibidi nimweleze mtu anayeweza kutusaidia. Nitakuambia kwanza ni nani."

Wapo wanaohofu kwamba maneno hayo yatamfunga mtoto mdomo. Ni kweli wengine watachelewa kusema. Lakini mtoto aliyeahidiwa siri, kisha akaona habari zake zimefika kwa watu, huona amesalitiwa mara ya pili. Na mshauri anayeificha siri hiyo anamrudisha mtoto jioni katika nyumba ileile anayoteseka.

Sheria nayo iko wazi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, inayotumika Tanzania Bara, inasema mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18. Kifungu cha 95 kinampa kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinakiukwa wajibu wa kutoa taarifa kwa serikali ya mtaa ya eneo hilo.

Kwa mapadre kuna jambo la ziada. Siri ya Kitubio haivunjwi kwa sababu yoyote. Kwa hiyo ushauri nasaha usichanganywe na maungamo: siku iwe nyingine, mahali pawe pengine, na mtoto ajue yuko katika lipi.

Mtoto akisema, hatua ni hizi

1. Msikilize. Usimhoji kama mpelelezi, wala usimwulize kwa nini hakupiga kelele. Mwambie amefanya vema kusema na kwamba kosa si lake.

2. Andika maneno yake kama alivyoyasema, pamoja na tarehe na saa. Usiongeze maoni yako.

3. Kama amebakwa au kulawitiwa, afike hospitali haraka. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU lazima zianze ndani ya saa 72. Asiogeshwe kwanza, na nguo alizovaa zihifadhiwe katika mfuko wa karatasi, si wa nailoni.

4. Toa taarifa kwa afisa ustawi wa jamii na kwa Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, ambako hutolewa fomu ya PF3 ya kwenda nayo hospitali. Mahali penye kituo cha Mkono kwa Mkono, huduma za tiba, polisi na ustawi hupatikana pamoja. Ushauri wa haraka hupatikana pia kwa simu namba 116, bila malipo.

5. Hakikisha mtoto analala mahali salama usiku huo.

Hapa ndipo penye mtihani mkubwa. Mara nyingi wazee wa ukoo hufika na kuomba mambo yaishe kifamilia, kwa ng'ombe au kwa fedha, na padre au mwenyekiti wa jumuiya ndogo ndogo huombwa awe msuluhishi. Tunawasihi mkatae. Ubakaji ni jinai ambayo adhabu yake kwa mtu mzima, tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, ni kifungo kisichopungua miaka 30. Fidia hupokewa na wakubwa, maumivu hubaki kwa mtoto. Na mtuhumiwa akiwa mtumishi wetu wenyewe, hatua ni zilezile. Aondolewe mara moja katika kazi na watoto wakati uchunguzi ukiendelea, wala asihamishiwe parokia nyingine kimyakimya.

Wajibu wa kamati

Kabla ya kumpokea mshauri, mkague vyeti vyake na kuuliza kwa maandishi kule alikofanya kazi kabla. Mlango wa chumba uwe na kioo, na awepo mtu mzima mwingine karibu. Mshauri asikutane na mtoto nyumbani kwake, asimpe zawadi kwa siri, wala asimtumie ujumbe wa simu usiku. Kumbukumbu zikae katika kabati lenye kufuli. Mchagueni mtu mmoja wa kupokea malalamiko, na jina lake libandikwe mahali ambapo watoto wanaweza kulisoma. Mtoto naye ajue kwamba anaweza kumlalamikia hata mshauri.

Kwa wafadhili wetu tuna maneno mawili. La kwanza, kioo cha mlango, kabati, nauli ya kumpeleka mtoto hospitali na semina za walezi havipendezi katika picha, lakini ndivyo vinavyobeba huduma hii. La pili, hatutawatumia picha wala visa vya watoto hawa, hata majina yakibadilishwa, kwa maana kijijini mtu hutambulika kwa habari yake. Tutawaeleza fedha zimetumika vipi. Ya mtoto tutamwachia mwenyewe.

Tunaomba kila kamati isome makala hii katika kikao chake kijacho na kumteua mpokea malalamiko kabla kikao hakijafungwa.