Nani atalipia viti vitupu vya saa nane mchana?

Stendi ya Bweri ndiyo mlango wa Musoma. Abiria wa basi la Mwanza au la Sirari akishateremsha mzigo wake hapo, bado ana safari nyingine ya kufika Mkendo, Nyasho au Makoko. Zipo bajaji, zipo bodaboda, na zipo Hiace ambazo huondoka kwa sheria moja: zikijaa. Asubuhi hujaa upesi. Saa nane mchana mama mwenye mtoto mgonjwa anaweza kukaa muda mrefu kwenye gari lenye abiria watatu, konda akiita, dereva akiwa chini ya mti. Hakuna wa kumlaumu hapo. Dereva ana hesabu ya kupeleka kwa tajiri jioni, na kiti kitupu kinamla yeye.

Tangu treni ya umeme ya SGR ianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, Juni 2024, maswali yamekuwa mengi kuhusu miji mingine: lini nayo itapata treni za kuwazungusha watu mjini, au tramu kama za Ulaya? Swali ni halali, ila tumezoea kulianzia kwenye reli, na mimi naamini lianzie kwa kampuni. Nani ataendesha, na saa nane mchana nani atalipia viti vitupu?

Nchi yetu imeshajaribu. Tarehe 29 Oktoba 2012 Dar es Salaam ilianza kupanda treni ya mjini ambayo wananchi wenyewe waliibatiza jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo, Dk. Harrison Mwakyembe. Haikujengewa njia mpya. Kampuni ya Reli, TRL, ilichukua mabehewa yaliyokarabatiwa ikayapitisha kwenye reli ya kati, kutoka Stesheni kupitia Buguruni na Tabata hadi Ubungo Maziwa. TAZARA nayo ikatoa treni yake kwenda Mwakanga. Watu walijazana kwelikweli, kwa sababu foleni ya barabarani haikuwa ikivumilika, na treni haina foleni.

Ila zilikuwa kampuni mbili kwenye njia mbili zisizoingiliana. Reli ya kati, waliyoianza Wajerumani, ina upana wa milimita 1,000. Ile ya TAZARA ina 1,067. Milimita 67 tu, lakini zinatosha kulizuia behewa la huku lisipite kule. Treni zenyewe zilikwenda asubuhi na jioni, saa za watu kwenda kazini na kurudi, na mchana zikapumzika. Siwalaumu waliozipanga hivyo. Kichwa cha treni kilichoundwa kuvuta mzigo mrefu hadi Kigoma kinakunywa mafuta mengi kikivuta mabehewa matupu kwenda Ubungo. TRL yenyewe ilikuwa imetoka kwenye misukosuko: mwaka 2007 ilikabidhiwa kwa ubia kwa kampuni ya RITES ya India iliyochukua asilimia 51, ubia ukavunjika, serikali ikairudisha mikononi mwake. Kampuni inayohangaikia injini za safari ndefu haina nafasi kubwa ya kufikiria mwanafunzi wa Tabata.

Majirani wa Addis Ababa walikwenda mbali zaidi. Septemba 2015 walizindua treni nyepesi za umeme, njia mbili zenye jumla ya kilomita zipatazo 34, kwa fedha ambazo sehemu kubwa ilikuwa mkopo wa Benki ya Exim ya China. Kazi ya kuendesha ilipewa kwanza Wachina, wakiwemo Shenzhen Metro, huku Waethiopia wakijifunza. Nauli ikawekwa chini ili maskini apande, na hilo nalipenda kwa moyo wote. Lakini nauli ya chini haikutosha kununua vipuri, na vipuri vinanunuliwa kwa dola. Mwaka hadi mwaka treni zilizoegeshwa karakanani zikawa nyingi, abiria wakabanana kwenye chache zilizobaki. Reli ilikuwapo, umeme ulikuwapo. Kilichokosekana ni fungu la kila mwaka la kuitunza.

Na Zanzibar ilishayaona haya zamani. Mwaka 1905 hivi kampuni ya Kimarekani ilipitisha treni ya abiria kutoka mjini hadi Bububu, maili zipatazo saba, ikikatiza mitaa myembamba. Serikali ikainunua mwaka 1911. Magari yalipokuja na kumfuata abiria hadi mlangoni kwake, ile treni haikumaliza miaka ya 1920 ikibeba watu.

Sisi Musoma reli tunazo kidogo, bandarini: gati lilijengwa ili mabehewa yaingie na kutoka kwenye meli za mabehewa kama Mv Umoja. Nchi kavu hakuna njia ya kuyapokea, na ile reli ya Tanga, Arusha hadi Musoma imekaa kwenye mipango miaka mingi. Tramu kwa mji wenye watu zaidi kidogo ya 160,000 haitalipa leo, na sitaki kuwadanganya wasomaji.

Lakini kinachoifanya kampuni ya tramu iwe tramu, yaani kuondoka saa iliyoandikwa hata ikiwa na abiria watatu, hakihitaji reli. Kinahitaji mkataba. Manispaa inaweza kutangaza njia moja tu, Bweri hadi sokoni, na kumlipa mwendeshaji kwa kilomita alizokwenda kwa wakati badala ya vichwa alivyobeba. Nauli iingie mfuko wa njia, dereva apate mshahara wa mwezi, na ratiba ibandikwe stendi kwa maandishi makubwa. Sehemu ya ushuru unaotozwa stendi hiyohiyo ifidie pengo la mchana. Madiwani wakikaa kupanga bajeti ijayo, hesabu ya pengo hilo ndiyo ningependa iwekwe mezani kwanza, kabla ya picha yoyote ya treni.