Mafuta kwenye Kompresa ya AC: Yametoka Wapi?

Wilayani Bunda madereva wengi hawawashi AC kwa sababu ya joto. Wanaiwasha ili wapate kufunga vioo. Ukishaacha lami ya barabara kuu ya Mwanza–Musoma–Sirari, au ukishavuka geti la Ndabaka kuingia Serengeti, vumbi ndilo linaloamua kioo kipande au kishuke. Kwa hiyo AC ikiacha kupoza dereva hana subira. Anasimama gereji, anasema, “Fundi, niongezee gesi tu, nina safari,” analipa, anaondoka. Wiki chache baadaye anarudi na maneno yale yale.

Gesi ya AC hailiwi na injini. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, na ikipungua sana kwa muda mfupi, kuna mahali inatoka. Mahali hapo mara nyingi pameshaacha alama, na alama yenyewe ni mafuta.

Mfumo wa AC hauna kijiti cha kupimia mafuta. Gari ndogo nyingi huwa na mililita 100 hadi 150 hivi kwa mfumo mzima. Mafuta hayo hayakai kwenye kompresa peke yake. Yanasafiri pamoja na gesi hadi kondensa, evaporeta na kurudi. Gesi ya R134a, ambayo ndiyo imejaa kwenye Noah, Probox na Land Cruiser zetu, huchemka ikiwa kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri, hivyo ikipata upenyo hupeperuka papo hapo. Mafuta yaliyotoka nayo hubaki nje yakinasa vumbi. Hasara, basi, ni mbili: ubaridi unapotea, na kompresa inapoteza kilainishi ambacho hakuna anayekipima. Kompresa iliyojaziwa gesi mara tatu bila kuongezwa mafuta ina kila sababu ya kujikaba.

Hata hivyo, ukifungua boneti ukakuta kompresa imelowa, usiihukumu haraka. Kwenye gari nyingi imefungwa chini, ubavuni mwa injini, na kila kinachovuja juu yake huishia kuidondokea. Gasketi ya tapeti kava ikichoka, mafuta ya injini huteremka taratibu hadi kwenye kompresa. Pampu ya pawa stelingi nayo hufanya hivyo hivyo. Futa kidogo kwa kitambaa cheupe. Mafuta ya injini yatatoka meusi au ya kahawia, yenye harufu ya kuungua. Ya stelingi mara nyingi ni mekundu na mepesi. Ya AC, kama bado ni mazima, karibu hayana rangi, au yana ukijani iwapo fundi aliyetangulia aliweka rangi ya kutafutia uvujaji. Lakini rangi peke yake haitoshi, kwa sababu kompresa iliyokwisha kusagika ndani hutoa mafuta meusi yenye unga wa chuma. Kinachosaidia zaidi ni kupandisha macho: tafuta sehemu ya juu kabisa iliyolowa. Mafuta hushuka, na upepo wa mwendo huyasukuma nyuma. Chanzo hakiwi chini ya tone.

Vumbi letu, pamoja na kero zake, hapa lina msaada. Mafuta yakichanganyika nalo hufanya gamba. Gamba kavu, gumu, la rangi moja, huenda ni la uvujaji uliokwisha kuzibwa mwaka juzi. Gamba lenye sehemu inayong’aa na kulowa katikati ni la uvujaji ulio hai. Ukishaliangalia, lioshe. Tumia maji ya vuguvugu na sabuni inayokata grisi, usitumie petroli. Funika altaneta, usilenge maji ya presha kwenye beringi ya puli, kisha kausha kwa upepo. Gari likae na AC yake ikifanya kazi siku mbili tatu, halafu tazama tena. Mafundi wengi huruka hatua hii kwa kuwa haina spea ya kuuza, lakini mimi naiona ndiyo nusu ya kazi yote.

Tuseme sasa umehakikisha mafuta ni ya AC. Mshukiwa wa kwanza ni sili ya shafti, ile iliyo mbele, nyuma ya klachi. Shafti inazunguka, sili imetulia, na kati yao lazima kuwe na utando mwembamba wa mafuta, la sivyo mpira ungeungua. Hivyo jasho dogo kuzunguka shafti si ugonjwa. Ugonjwa ni pale klachi inapoyachota mafuta hayo na kuyarusha. Inapozunguka huyatupa pembeni kwa mstari ulionyooka: utauona chini ya boneti, kwenye chesisi au kwenye bomba la jirani, mchirizi mwembamba wa vumbi lililonata, sambamba kabisa na uso wa klachi. Ukiuona mstari huo, huna haja ya kubahatisha. Mafuta yakizidi, klachi huanza kuteleza na kunuka.

Sili hiyo hufa kwa njia mbili ambazo naziona sana huku kwetu. Moja ni kukaa. Dereva anaacha AC miezi yote ya mvua kwa kuwa hewa ni ya baridi na vumbi limelala. Mafuta yanashuka, mpira unakauka, na siku anayoiwasha tena gesi inapata njia. Dakika kumi za kuiwasha kila wiki zinatosha kuuweka mpira unyevu. Njia ya pili ni presha kubwa. Kondensa ikizibwa na vumbi, au na wale wadudu wadogo wanaoinuka kama moshi juu ya Ziwa Victoria na kugandana mbele ya magari, joto halitoki na presha inapanda. Kwenye kompresa kuna valvu ya usalama inayofunguka presha ikikaribia psi 500. Mafuta yaliyotapakaa hapo hayamaanishi valvu ni mbovu. Ilifanya kazi yake. Safisha kondensa na ukague feni kabla hujafikiria spea.

Maungio ya hozi ni kazi nyepesi kidogo. Pete ya mpira ikipasuka, mafuta hulowa kuzunguka boliti. Kukaza zaidi hakusaidii. Badilisha pete, na uipake mafuta ya AC kabla ya kuifunga. Tazama pia pale hozi ya mpira ilipobanwa kwenye chuma, hasa kwa magari yanayotingishwa kila siku na matuta ya barabara za hifadhini.

Kwa upande wa vipimo, geji hudanganya kwa namna ambayo haisemwi vya kutosha. Gari likiwa limezimwa, kwenye joto la nyuzi 30, R134a husoma karibu psi 100, iwe gesi imejaa au imebaki nusu, ilimradi kuna tone la kimiminika ndani. Kiasi hujulikana kwa mizani, kwa kufuata gramu zilizoandikwa kwenye lebo chini ya boneti. Jingine ni vakyumu. Vitabu husema sindano ishuke hadi karibu inchi 30 za zebaki, lakini vimeandikiwa watu wa usawa wa bahari. Ziwa Victoria lenyewe liko mita 1,134 juu ya bahari, na Bunda iko juu zaidi. Hapa pampu nzima kabisa huishia karibu inchi 26. Fundi asiyejua hilo atasaka uvujaji usiokuwepo. Na sindano ikitulia bado si ushahidi kamili: sili iliyochoka inaweza kushika vakyumu, ambako hewa ya nje inaikandamiza, kisha ikaachia presha inapotoka ndani.

Kipimo kizuri ni naitrojeni kavu yenye regeleta, pamoja na povu la sabuni kwenye maungio. Usikubali mtungi wa oksijeni wa mchomeaji, hata kwa dakika moja: oksijeni yenye presha ikikutana na mafuta hulipuka. Kwa uvujaji wa polepole, rangi maalumu na tochi ya urujuanimno hushinda. Kifaa cha kunusa gesi kipitishwe chini ya kompresa, maana R134a ni nzito kuliko hewa.

Kujaza tu na kuacha ivuje kuna gharama nje ya mfuko wa dereva pia. Gesi hii hupasha joto angahewa zaidi ya mara 1,300 kuliko hewaukaa ya uzito ule ule, na ndiyo moja ya gesi zilizowekewa ratiba ya kupunguzwa katika makubaliano ya Kigali ya Oktoba 2016.

Ukilazimika kubadilisha kompresa, mwaga mafuta ya ile ya zamani, uyapime, na uangalie aina. Toyota nyingi za R134a hutumia ND-OIL 8. Gari la haibridi kama Prius au Aqua ni habari nyingine: kompresa yake inaendeshwa kwa umeme, haina mkanda wala sili ya shafti inayotokeza nje, na hutaka ND-OIL 11. Ukiweka ya kawaida, umeme wa volti nyingi unaweza kuvuja kupitia mafuta. Dawa za chupa za kuziba matundu ziache dukani. Huganda ndani na kuharibu hata vifaa vya fundi atakayefuata.

Na kama kompresa umeikuta kavu, maungio makavu, na gesi bado inapotea, ingia chini ya gari mahali maji ya AC yanapodondoka. Rangi ikiwa ndani ya mfumo, kinga maji hayo na uyamulike kwa tochi. Yaking’aa kijani, uvujaji uko kwenye evaporeta, na ni dashibodi itakayofunguliwa.