Unauza miguu ya meza ya pool? Omba picha kwanza

Wadau, mteja wa Mugumu au Nyamongo akiniandikia "nataka miguu minne ya kusawazisha meza", sitaji bei kwanza. Apige picha boliti ya zamani ikiwa pembeni ya rula. M12 haiingii tundu la M10, na nauli ya kurudisha mzigo Tarime inameza faida yote.

Halafu uzito. Meza ya jiwe ikiwa na kilo 400, usigawe kwa nne ukaridhika. Wakati wa kurekebisha, miguu miwili tu ya pembe mkabala inaweza kubeba karibu yote, yaani 200 kila mmoja. Ile ya plastiki waachie wauza makabati.

Sakafu ya udongo? Bamba la chuma chini ya kila mguu. Pima maji ailaze pale mipira inapotembea, sio ukingoni.