Turubai bila vigingi: Namna ya kujihifadhi kwenye jukwaa la mbao milimani

KWA msafiri wa miguu aliyezoea kukita vigingi ardhini, jukwaa la mbao katikati ya msitu ni mtihani. Vigingi havina pa kuingia, mvua inakaribia, na turubai alilobeba haliwezi kusimama lenyewe.

Hali hiyo ni ya kawaida katika milima ya White Mountains, jimbo la New Hampshire nchini Marekani, inakopita njia maarufu ya Appalachian Trail yenye urefu wa takriban kilomita 3,500 kutoka Georgia hadi Maine. Katika kambi kadhaa za huko, kama ile ya Liberty Spring, wageni hulala juu ya majukwaa ya mbao.

Majukwaa hayo hayakuwekwa kwa ajili ya starehe. Udongo wa milimani ni mwembamba. Mimea ikikanyagwa na kulaliwa kila siku hufa, kisha mvua huusomba udongo uliobaki wazi. Jukwaa huwakusanya wageni mahali pamoja, na sehemu nyingine ya msitu ikabaki salama.

Hema lenye fito zake husimama popote. Turubai, ambalo wengi hulipendelea kwa wepesi wake, hutegemea kamba zilizokazwa. Moja ikiachia, paa lote hulegea.

Hilo si jambo dogo. Katika milima hiyo hiyo, kilele cha Mount Washington kilipimwa upepo wa kilomita 372 kwa saa Aprili 12, 1934. Mtu aliyelowa na kupigwa na upepo hupoteza joto haraka, hata katika mwezi wa Julai. Joto la mwili, ambalo kwa kawaida ni nyuzi 37 za Sentigredi, likishuka chini ya 35, maisha huwa hatarini: ulimi huwa mzito, na vidole hushindwa kufunga hata fundo.

Chunguza kwanza

Kabla ya kukunjua turubai, msafiri hana budi kulizunguka jukwaa. Mengine yana pete za chuma au misumari kwenye kingo, na hapo ndipo pa kufungia kamba. Atazame pia upepo unatoka wapi, na kama kuna matawi makavu juu yake yanayoweza kuanguka.

Ikiwapo miti miwili pande mbili za jukwaa, kamba ya mgongo wa paa ifungwe hapo, kwa mkanda mpana usiokata gome. Isipokuwapo, fimbo mbili za kutembelea hutosha. Zigeuzwe, mpini ukae chini, kwa kuwa ncha ya chuma huteleza juu ya mbao au kuzama katika mwanya.

Kijiti kama kifungo

Jukwaa likikosa pete, mianya iliyo kati ya mbao ndiyo msaada. Kamba hufungwa katikati ya kijiti kikavu na imara chenye urefu wa kidole, kikapitishwa katika mwanya kwa urefu wake. Kamba ikivutwa, kijiti hujilaza kukingama chini ya mbao na kushika kama kifungo cha shati. Kupigilia misumari mipya hakufai, kwani huharibu mali ya wote.

Upande unaokabili upepo ushushwe karibu kabisa na mbao. Nailoni hulegea inapolowa, hivyo kila kamba ifungwe kwa fundo linaloweza kukazwa upya, nalo likazwe tena kabla ya kulala.

Jambo linalosahauliwa na wengi ni kwamba upepo hupita pia chini ya jukwaa na kupenya katika mianya. Godoro jembamba la kukinga baridi ni la lazima. Nailoni ya kutandika nayo isitokeze nje ya paa, la sivyo itakinga maji na kuyaleta kitandani.

Aidha, siku zenye wageni wengi jukwaa moja huweza kugawiwa makundi mawili. Turubai dogo, lililofungwa bila kutandaza kamba kila upande, humwachia jirani nafasi.

Mahali pa kujifunza haya yote ni nyumbani, mchana, mikono ikiwa mikavu. Anayengoja kujifunza fundo gizani, mvua ikinyesha, amekwisha kuchelewa.